Chokaa ya Mama Kapinga

Jumamosi, mwisho wa Agosti. Kolwezi.

Vumbi tangu alfajiri. Jua limechomoza jekundu nyuma ya vilima vya mgodi, na nguo nilizoanika jana jioni nimelazimika kuzifua upya. Siku nyingine ningenung'unika hadi mchana. Leo nimezifua huku nikiimba.

Nimekaa jikoni sasa, chai imepoa mbele yangu. Kalala amepita.

Niandike vizuri, maana nikiacha hivyo, atakayefungua ukurasa huu atadhani nimerukwa na akili. Kalala ni mume wangu. Anaendesha lori la mizigo kwenye barabara ya Kasaji: unga, saruji, mafuta ya kupikia, chochote wanachokihitaji huko. Mwezi wa sita alianguka kwenye kona moja karibu tu na mji. Leo asubuhi ameipita kona ile kwa mara ya kwanza tangu siku hiyo, na ameipita salama. Habari ndiyo hiyo. Mengine yote ni jinsi tulivyofika hapa, na nataka kuyaandika wakati furaha hii bado iko moto.

Mimi kazi yangu ni kuchora barabara. Niko katika ofisi ndogo ya ujenzi hapa mjini, mbele ya kompyuta, nachora kona, mitaro na madaraja madogo, halafu wengine wanakwenda kuyajenga. Mume anaendesha, mke anachora. Majirani wametutania sana kwa hilo. Kalala naye akirudi amechoshwa na mashimo ananiuliza, "Mama Gloria, ii barabara uliichora na mukono gani?" Namwambia kila mara kwamba ya Kasaji sikuichora mimi. Hanisikilizi, anacheka tu.

Sasa, kona yenyewe. Ukitoka mjini kwenda upande wa magharibi, kuna mahali ambapo barabara ya zamani ilinyooka katikati ya safu mbili za mikaratusi iliyopandwa zamani sana. Kisha mgodi ulipanuka ukameza kipande cha barabara, na barabara mpya ikapindishwa kushoto ili ilizunguke shimo. Mikaratusi haikuguswa. Imesimama vilevile, safu mbili zilizonyooka, zinaelekea mahali ambapo hakuna barabara tena. Mwisho wake kuna mtaro mkubwa uliochimbwa kuzuia watu wasilikaribie shimo.

Kalala hakukata kona. Alinyoosha. Ilikuwa jioni, jua bado lipo, mbele yake msafara wa malori unatimua vumbi. Aliingia katikati ya mikaratusi, akaenda, akaenda, lori likaishia mtaroni ubavu chini.

Nilipofika, magunia ya unga yalikuwa yamepasuka na akina mama wa jirani walikuwa wanachota unga kwa vitenge vyao, haraka haraka, wakinipa pole bila kuinua vichwa. Mume wangu alikuwa amekaa kando ya barabara, mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu, ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Halafu nikamwuliza, "Ulisinzia?" Hilo ndilo lililokuwa neno langu la kwanza. Hata pole sikutanguliza.

"Apana," akasema. "Mi niliona barabara. Barabara ilikuwa pale mbele, Mama Gloria, nakuapia."

Alimwambia hivyo muuguzi. Aliwaambia hivyo polisi wa barabarani. Alimwambia hivyo wakala wa mwenye malori, kijana mmoja mwenye miwani myeusi na haraka nyingi. Wakala akasema mtu anayeona barabara mahali pasipo na barabara amelala au amelewa, achague mwenyewe. Kalala hanywi. Tangu binti yetu Gloria azaliwe hajagusa hata bia ya harusini. Lakini nani atakusikiliza ukiwa umelaza lori zima la unga? Wakamsimamisha kazi mpaka tume ndogo ikae: polisi, mwenye malori na ofisi yetu.

Hapa kwetu dereva akishafukuzwa kwa ulevi, amekwisha. Magereji yote yanajuana, Kolwezi hadi Likasi, na jina hutangulia kufika kabla ya mwenye jina. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Lakini kulikuwa na lingine baya zaidi. Wiki za kwanza Kalala alibisha. Alibisha na kila mtu, hata na redio. Kisha akanyamaza. Siku moja tunakula, akasukuma sahani ya ugali, akaniuliza taratibu, "Mutu anaweza kulala na macho wazi?"

Alikuwa ameanza kuwaamini.

Nilisema bukari inapoa.

Mtaani nako maneno hayakukosekana. Wengine walisema mikaratusi ile inakula watu, kwamba mwenye mgodi ameilisha kitu. Wengine walisema Kalala amefungwa macho na mtu mwenye wivu. Ofisini kwetu mkubwa wangu, Tata Ilunga, mtu mzuri lakini wa mazoea, alisema tutaweka kibao kingine cha kona, kikubwa zaidi. Kulikuwa na kibao tayari. Nilikiona siku ile, kimejaa vumbi, kimesimama palepale kona inapoanza, mahali ambapo ukikisoma umeshachelewa.

Julai wakanituma kwenda kupima daraja dogo lililo mbele ya kona. Dereva wa ofisi alikuwa mgonjwa wa malaria, nikachukua pikapu mwenyewe. Kona ile naijua. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeifungua kwenye kompyuta mara nyingi sana, nikimtafutia mume wangu utetezi, na sikupata kitu: kwenye mchoro ni kona ya kawaida, imepinda kwa adabu, hata mwanafunzi angeipitisha. Nilikuwa nimeikariri.

Mbele yangu lilikuwepo lori. Vumbi lake likafunika barabara yote, sioni lami wala udongo, sioni ukingo. Juu ya vumbi, wazi kabisa, niliona miti. Vigogo vyeupe kulia, vigogo vyeupe kushoto, vinakwenda mbele vimenyooka. Mikono yangu haikugeuza usukani. Haikugeuza kwa sababu hakuna sehemu yoyote ya mwili wangu iliyoona haja ya kugeuza. Nilikuwa katikati ya barabara.

Halafu tairi la mbele likagonga jiwe la ukingo wa zamani, nikashtuka, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Injini ikazimika. Vumbi likatua polepole na nikajikuta nimesimama katikati ya mikaratusi, barabara ya kweli iko kushoto kwangu, na mama mmoja anayeuza mihogo ya kuchoma ananitazama.

"Na weye pia?" akasema.

Nilikaa ndani ya pikapu muda mrefu. Nilikuwa natabasamu peke yangu. Mume wangu hakulala. Mume wangu hakulewa. Mimi niliyekunywa chai na mandazi, niliyeichora upya kona ile kichwani kila usiku, nilikuwa nimeiona barabara yake.

Jioni ile nilimweleza Kalala hivi: dereva haendeshi kwa vibao. Anaendesha kwa maumbo makubwa. Jicho linakwenda mbali, linashika mstari mnene kuliko yote uliopo mbele, na mkono unalifuata jicho kabla akili haijaulizwa. Hivyo ndivyo tulivyoumbwa, mwenye shahada na asiye nayo. Mtu anahitaji muda wa kuona, muda wa kuelewa na muda wa kutenda, na lori lililobeba mzigo linahitaji muda zaidi yake. Barabara inayolidanganya jicho halafu ikaliwekea kibao pembeni ni mtu anayekusukuma halafu anasema samahani. Shuleni tulifundishwa kupima kona kwa uzito wa gari na ukali wa mpindo. Jicho la aliyeshika usukani sikumbuki nani alilipima.

Kalala alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akatoka uani, nikamsikia ananawa uso kwa maji mengi.

Ningependa kuandika kwamba siku ile nililala vizuri. Sikulala, kwa sababu ya rangi nyeupe.

Mikaratusi haiwi myeupe namna ile. Ilipakwa chokaa, kutoka mizizi hadi urefu wa mtu. Na aliyeipaka namjua, kwa sababu ni mama mkwe wangu.

Mama Kapinga ni kiongozi wa akina mama wa kanisa letu. Watu wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, naye alikulia katika nyumba za kampuni, ambako miti yote ya njiani ilikuwa ikipakwa chokaa kila kiangazi. Kwake yeye, na kwa watu wengi wa Kolwezi, mti mweupe maana yake hapa panatunzwa, na katikati ya miti miwili myeupe panapita njia. Tumelelewa hivyo. Mwaka jana dereva mmoja aitwaye Kabamba aliingia palepale, akagonga mkaratusi, akafa. Akina mama walilia, kisha wakafanya wanachokifanya siku zote, yaani kazi. Walichanga chokaa, wakafunga vitenge vyao vya bluu, wakapaka kila mti, mmoja baada ya mwingine, ili madereva waione miti wasiigonge tena. Walipiga picha. Picha imebandikwa ukumbini kanisani. Mama Kapinga yuko katikati na brashi.

Na tangu chokaa ile, magari yaliyonyoosha kona yaliongezeka. Muuza mihogo alikuwa ameniambia hivyo, na sikumwuliza mara mbili.

Kwa hiyo ili kumwokoa Kalala mbele ya tume, ilibidi niseme kwa sauti kwamba mama yake ndiye aliyemchorea barabara ya uongo. Nakiri hapa: namwogopa Mama Kapinga. Si mkali. Ananyamaza tu, na kimya chake kinaweza kujaza nyumba wiki nzima. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Nilifikiria kutaja miti bila kutaja chokaa. Nilijaribu hata sentensi zake bafuni.

Mwishowe nilikwenda kwake. Alikuwa uani anachambua sombe, majani ya mihogo. Nilianza na habari za watoto, nikaenda kwa bei ya unga, nikarudi kwa watoto.

"Sema tu, mwana yangu," akasema. "Unazunguka-zunguka sana."

Nikasema. Nilimweleza vumbi, jicho, vigogo vyeupe, yote. Mikono yake iliendelea na majani mpaka nilipofika kwenye chokaa. Ikasimama.

"Ndiyo kusema mi njo nilimupeleka mwana yangu mu mutaro."

"Barabara njo ilimupeleka, mama."

"Na ile barabara, nani aliipaka?"

Alitazama sombe yake. Nikaona machozi yanashuka bila uso kubadilika, nikatamani ardhi inimeze. Nilimshika mkono na hakuutoa. Tulikaa hivyo mpaka jirani akapita kuomba chumvi.

Halafu akauliza tume inakaa lini, na wapi.

Tume ilikaa palepale kwenye kona, kusimama tu, kila mtu na kitambaa puani. Nilieleza nilivyoweza. Nilikuwa na mchoro, nilikuwa na picha nilizopiga kutoka kiti cha dereva. Polisi alitikisa kichwa kwa heshima. Wakala wa miwani myeusi alitabasamu. Alisema mchoro ni mzuri, lakini mke akimtetea mumewe hilo si jambo jipya duniani. Nilisikia uso unawaka moto. Kalala alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono bado umefungwa shingoni, anatazama viatu vyake.

Ndipo Mama Kapinga akatokea. Alikuja kwa miguu kutoka mtaani, amevaa kitenge cha kanisa na kilemba, vumbi limempaka hadi magotini.

"Chokaa ni yetu, monsieur," akasema. "Sisi bamama ba kanisa njo tuliipaka. Kama unatafuta mutu wa kufunga, anza na mi."

"Mama," wakala akasema, bado anatabasamu, "uyu ni mutoto yako. Lazima umusemee muzuri."

"Basi ingia mu mutuka, endesha weye. Uko na macho, uko na akili, haukunywa. Siye tutakuangalia."

Polisi akacheka. Tata Ilunga akakohoa. Wakala hakuwa na pa kutokea. Akavua miwani, akaifuta, akaichukua pikapu yetu. Tata Ilunga akaketi kando yake, mimi nikapanda nyuma. Tulirudi kuelekea mjini, tukageuza, tukangoja lori lipite, tukalifuata. Wakala alikuwa ameiona kona hiyo muda mfupi uliopita. Alikuwa amesimama juu yake kwa viatu vyake.

Alikwenda moja kwa moja katikati ya miti.

Tata Ilunga ndiye aliyepiga kelele. Breki, jiwe, vumbi. Mimi nyuma nilijigonga kichwa na sikuhisi chochote. Vigogo vyeupe kila upande.

"Ni vumbi," wakala akasema mwishowe. "Vumbi ilinifunga macho."

"Na ya Kalala ilikuwa vumbi ya namna gani?" akauliza Tata Ilunga.

Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Alishuka, akatembea hadi alipokuwa Kalala, akampa mkono. Kalala akampa wa kushoto.

Tata Ilunga tangu siku ile hataji kibao tena. Alinikabidhi kona yote na kuniambia niitengeneze kwa ajili ya mtu aliyechoka, aliyefungwa macho na vumbi, anayemfikiria mtoto wake mgonjwa nyumbani. Ni agizo zuri kuliko yote niliyowahi kupewa kazini, na kwa mara ya kwanza nilianza mchoro nikiwa nimekaa kichwani mwa dereva, siyo juu angani kama ndege. Tuliweka tuta refu la udongo kukatiza mdomo wa barabara ya zamani, na juu yake uzio wa matete, ili jicho likifika pale likute ukuta na lisione njia. Mvua zikianza tutapanda miti ya kudumu. Kabla ya kona tulitandika vijituta vidogo vidogo vinavyotikisa gari, mguu upate habari hata kama jicho liko kwingine. Kibao tulikirudisha nyuma sana, mahali mtu anapoweza kukisoma akiwa bado na la kufanya. Na ukingoni mwa mpindo, upande wa nje, tulifukia nusu nusu matairi makuukuu ya magari ya mgodi, yamejipanga kuifuata barabara ya kweli inavyogeuka.

Matairi yalihitaji rangi nyeupe. Miti ilihitaji kuipoteza.

Mama Kapinga akawaita akina mama. Mmoja alikataa, akasema chokaa waliyoiombea haifutwi. Mama Kapinga akamwambia Mungu anajua kupokea masahihisho. Walikanda udongo mwekundu wa kichuguu, wakaupaka juu ya vigogo kwa mikono, wakiimba, hadi mikaratusi ikarudia rangi ya vumbi na ukiwa mbali huioni. Kisha wakabeba ndoo zao za chokaa hadi kwenye matairi. Hawakupiga picha safari hii. Nilitaka kuwapiga, nikaona wote wamechafuka hadi usoni na hakuna aliyetaka.

Ile ya ukumbini bado iko ukutani. Sijui nani atathubutu kuibandua.

Bega la Kalala limepona. Mwenye malori amemrudisha, na barua ya kumsimamisha kazi kwa ulevi imechanwa mbele yake. Jana jioni aliosha lori lake, jipya kwake, kuukuu kwa umri, akalizunguka mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilimwambia nitakwenda kusimama kwenye kona asubuhi nimwone akipita.

"Apana," akasema. "Ukisimama pale, nitaangalia weye. Sitaangalia barabara."

Alikuwa sahihi, kwa kanuni zangu mwenyewe. Nikabaki nyumbani. Nikafua. Nikaimba nyimbo zote ninazozijua, nikaanza tena. Nilijua kona ni nzuri. Nilikuwa nimeipita mimi, ameipita Tata Ilunga, wameipita mamia ya watu ambao hawajui hata kama kulikuwa na shida. Lakini hakuna mmoja wao aliyekuwa Kalala, na hakuna aliyewahi kuuliza kama mtu anaweza kulala na macho wazi. Niliogopa barabara kidogo. Niliogopa zaidi kwamba angefika pale, asijiamini, asimamishe lori katikati ya njia, ashuke, asipande tena.

Simu yangu ilikuwa juu ya meza, kimya kabisa.

Halafu nikasikia kelele nje. Mama Kapinga anakuja mbio, mwanamke wa umri ule, kandambili mkononi, simu mkono mwingine.

"Amepita! Kalala amepita! Amenipigia sasa hivi!"

Alimpigia mama yake kwanza. Miaka yote hii ya ndoa, ningekuwa na neno la kusema. Leo sikuwa nalo. Nilifurahi hata nikaona haya, kwa sababu nilielewa kwa nini amechagua hivyo, na nilielewa kwamba alikuwa amelipanga tangu jana wakati anaosha lori. Tulikumbatiana uani katikati ya nguo mbichi. Mimi nilicheka. Yeye alikuwa anasema jina la Mungu kwa Kiluba, tena na tena, analipigapiga bega langu.

Baadaye Kalala alinipigia na mimi. Amesimama mbele huko kula. Alisema matairi yale yanaonekana hata ndani ya vumbi, kwamba mikono iligeuza yenyewe. "Sikufikiria kitu," akasema. Nilimwambia hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo barabara inaweza kupata. Akaniambia nisianze tena somo langu la barabara.

Ningeishia hapa. Nilitaka kuishia hapa.

Lakini Mama Kapinga hakurudi kwake. Nilimpa chai, akaishika bila kunywa. Furaha ilikuwa imetulia usoni pake na nyuma yake kulikuwa na kitu kingine.

"Ule Kabamba," akasema. "Bibi yake eko wapi sasa?"

Nilisema nasikia mke huyo alirudi kwa ndugu zake huko Tenke, na watoto.

"Alipokufa, balisema alikunywa. Muchungaji alihubiri juu ya pombe yake, mbele ya kanisa yote. Ule mujane alikuwa kwa benchi ya nyuma na batoto. Na mi nilisemaka amina." Akanitazama. "Ya nguvu, mwana yangu."

Sikukumbuka amina yake. Nilikumbuka ya kwangu.

Maana nilikuwepo. Wote tulikuwepo. Mti ule haukuwa na chokaa bado, lakini safu zilikuwa zimenyooka vilevile, na vumbi lilikuwa hilihili. Kabamba aliona barabara. Yeye hakupata nafasi ya kukaa kando ya njia na kumwambia mtu.

"Kesho tuende," akasema Mama Kapinga.

"Kesho ni siku ya Mungu, mama." Tangu nimfahamu hajawahi kukosa ibada.

"Njo maana tunaenda."

Nimeshamwomba Tata Ilunga pikapu, amekubali bila kuuliza swali. Nimechaji simu, nimeweka ndani yake picha zilizopigwa kutoka kiti cha dereva, zile za kabla ya tuta. Mama Kapinga anapika ndizi za njiani uani hata sasa, nasikia sufuria kutoka hapa. Moyo wangu ni mwepesi kwa ajili ya nyumba yangu, siwezi kudanganya, na ni mzito kidogo kwa ajili ya ile nyingine. Nitasemaje? Nitaanza na salamu, nadhani, halafu sitazunguka-zunguka.

Watoto wa Kabamba wamekuwa wakiambiwa kwamba baba yao alilewa akagonga mti. Kesho mchana watakuwa wanajua vingine.